Uzamili wa mtaala, ufundishaji na upimaji: anza na karatasi zilizo kabatini mwako

Swali: Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika sekondari ya serikali huku Mbagala, huu ni mwaka wa sita kazini. Shahada yangu ya kwanza ni ya ualimu, GPA 3.4. Nataka kusoma uzamili wa mtaala, ufundishaji na upimaji bila kuacha kazi. Wenzangu wananishauri nisome uongozi wa elimu kwa sababu ndiko kwenye vyeo. Wengine wanasema hii ya mtaala ni nadharia tupu, halafu tasnifu inakula miaka. Naomba unieleze kinachosomwa hasa ni nini, na nifanyeje nisikwame njiani.

Jibu: Mwalimu, wenzako wamepatia moja na kukosea moja. Tasnifu inakula miaka kweli, na nitakuonyesha inakwamia wapi. Ila nadharia tupu, hapana. Anayeiona hivyo mara nyingi aliisoma kwa kukariri majina ya wanazuoni, asiwe na kitu cha kuwapimia. Wewe unacho: kabati lako limejaa karatasi za majaribio ya wanafunzi, na nusu ya shahada hii unaweza kuielewa kwa kuzipekua.

Tuanze na maneno yenyewe, maana wengi huingia darasani wakiwa wameyachanganya. Muhtasari si mtaala. Muhtasari unakupa mada, idadi ya vipindi, mbinu na zana. Mtaala ni mpango mzima: taifa linataka kijana wa namna gani, ajifunze nini, kwa njia ipi, nani amfundishe, na tutajuaje kama amejifunza. Chuoni utafundishwa kuutazama mara tatu. Upo mtaala uliokusudiwa, ule unaoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Upo unaotekelezwa, yaani kile kinachotokea darasani kwako Jumanne kipindi cha nane, wanafunzi 90, jua limeshapiga bati tangu asubuhi. Na upo uliofikiwa, yaani kilichobaki kwa mwanafunzi baada ya ubao kufutwa. Mada nyingi nzuri za tasnifu katika fani hii hupatikana pale ambapo mmoja kati ya hiyo mitatu haufanani na mwingine.

Utasoma historia pia, na usiipuuze. Ralph Tyler, Mmarekani, aliweka mwaka 1949 maswali manne ambayo kila mpango wa mtaala bado unalazimika kuyajibu: tunataka kufikia nini, wanafunzi wapitie mambo gani ili wafike huko, mambo hayo yapangwe vipi, na tutathibitishaje kwamba tumefika. Waliompinga walisema elimu si kiwanda cha matofali, na hoja zao zina uzito. Kwa upande wetu utapita kwenye Elimu ya Kujitegemea ya 1967, mtaala wa sekondari wa 2005 uliohamia kwenye umahiri, kisha Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ambayo mitaala yake ilianza kutumika Januari 2024 na kupanda darasa kwa darasa. Kwa mtafiti, kipindi kama hiki ambapo shule moja inafundisha mitaala miwili kwa wakati mmoja ni nadra. Kitumie kabla hakijapita.

Sasa tushuke kwenye somo lako. Chukua mada ya ramani. Lengo linasema mwanafunzi aweze kusoma na kutafsiri ramani. Mwalimu anaandika ubaoni maana ya skeli na aina zake, wanafunzi wananakili. Jaribio linauliza: eleza maana ya skeli, taja aina tatu. Mwanafunzi anapata 80 kwa 100 na kila mtu anafurahi. Mpe kipande cha ramani ya 1:50,000, mwambie barabara kutoka kijiji hadi mto ina sentimita 6, umbali halisi ni kilomita ngapi, naye anakodoa macho. Lengo lilitaka atende, somo likamfundisha kunakili, jaribio likapima kukumbuka. Hakuna aliyefanya kosa kubwa. Vitu vitatu tu havikuambatana, na kuviambatanisha ndiyo kazi ya shahada unayoiulizia.

Tuseme umelifanya swali hilo kuwa la kuchagua, majibu yakiwa kilomita 0.3, 3, 30 na 300. Wanafunzi 100 wamelifanya pamoja na maswali mengine. Panga karatasi zote kuanzia aliyepata alama nyingi hadi aliyepata chache. Toa 27 za juu na 27 za chini, hizo 46 za katikati ziweke kando; asilimia 27 kila upande ndiyo desturi ya wapimaji. Umeona waliopata swali hilo ni 21 katika kundi la juu na 8 katika kundi la chini. Ugumu wake ni 29 gawa kwa 54, yaani 0.54: zaidi kidogo ya nusu wamelipata, kwa hiyo si jepesi wala si gumu. Uwezo wake wa kutofautisha ni 21 kutoa 8, gawa kwa 27, sawa na 0.48. Kuanzia 0.40 kwenda juu swali linahesabiwa kuwa zuri sana. Chini ya 0.20 ni dhaifu. Likitoka hasi, yaani wanyonge wanalipata kuliko wakali, kwanza kakague mwongozo wa majibu, maana mara nyingi herufi imeandikwa vibaya.

Hizo namba mbili kila mtu huzikokotoa. Wachache hufika kwenye vipotoshi, yaani yale majibu yasiyo sahihi ya kuchagua, na huko ndiko kwenye utamu. Kundi la chini lina 19 waliokosa, na 14 kati yao wamechagua kilomita 30. Fikiri walivyofika hapo. Sita mara 50,000 ni sentimita 300,000. Hapo wako sahihi. Kisha wakagawa kwa 10,000 badala ya 100,000. Kwa hiyo skeli wanaielewa. Kinachowaangusha ni kubadili sentimita kuwa kilomita, hesabu ya shule ya msingi. Kesho yake huna haja ya kurudia mada nzima. Unahitaji dakika kumi za vipimo. Ila kabla hujaandika hivyo kwenye tasnifu, waite watano au sita kati ya hao 14, uwape karatasi tupu na uwaambie wakuonyeshe walivyokokotoa. Namba ilikupa dhana, na wao ndio wa kuithibitisha. Mtahini wa tasnifu atakuuliza hasa hapo.

Fanya zoezi hilo na jaribio moja la kweli kabla hujaomba chuo. Excel inatosha. Fanya na jambo la pili: chukua jaribio hilo hilo ulilotunga muhula uliopita na ulitengenezee jedwali la utahini, lile linaloonyesha kila mada ibebe alama ngapi na maswali ya ngazi gani, baada ya tukio. Mada tatu zilikuwa na vipindi 12, 8 na 4, jumla 24. Kwa jaribio la alama 50, uwiano ungekupa takribani 25, 17 na 8. Hesabu ulivyogawa kweli. Walimu wengi hukuta mada ya mwisho imebeba alama mara mbili ya stahili yake kwa sababu ndiyo waliyoikumbuka usiku wa kutunga. Kisha weka kila swali kwenye ngazi yake: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua na kuendelea. Kama maswali karibu yote ni ya kukumbuka, unayo tayari harufu ya mada ya utafiti.

Kuhusu masomo yenyewe. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, shahada ya uzamili ina angalau krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, iwe darasani, maktaba au nyumbani. Hiyo ni saa 1,800. Ukizigawa kwa wiki 104 za miaka miwili unapata saa 17 na ushei kila wiki, bila likizo. Kwa mwalimu mwenye vipindi ni kama saa mbili kila siku ya kazi na Jumamosi nzima. Jipime kwa hesabu hiyo. Hamu ya kusoma pekee haitoshi. Ukipanga kumaliza kwa miezi 18 inafika saa 23 kwa wiki, na hapo ndipo wanaofanya kazi huanza kukosa semina.

Jina la programu hubadilika chuo hadi chuo, kwa hiyo soma orodha ya kozi. Unataka kuona nadharia na usanifu wa mtaala, saikolojia ya ujifunzaji, upimaji na tathmini, mbinu za utafiti, na kozi ya takwimu inayojitegemea. Programu yenye neno upimaji kwenye jina lakini haina takwimu itakuacha ukimlipa mtu akuchambulie data, halafu siku ya kutetea tasnifu unaulizwa maana ya namba kwenye jedwali lako na unabaki umeduwaa. Kwa Dar es Salaam anza kuulizia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, chuo chake kishiriki cha elimu pale Chang'ombe, ambacho kwako wa Mbagala kiko upande wa nyumbani, na Chuo Kikuu Huria chenye makao yake Kinondoni kinachofundisha kwa masafa. Usiulize ada tu. Uliza vipindi vinaanza saa ngapi. Kipindi cha saa kumi jioni Mlimani kwa mtu anayetoka kazini Mbagala saa tisa na nusu, kwa foleni unayoijua, hakipo. GPA yako ya 3.4 isikutie hofu, kwa kuwa kiwango cha chini cha kawaida ni 2.7. Ila kama lengo lako la mbali ni kufundisha chuo kikuu, jua kwamba wanapoajiri huangalia pia matokeo ya shahada ya kwanza.

Na ruhusa ya mwajiri ipate kwa maandishi kabla ya kujisajili, barua ikipitia kwa mkuu wa shule kwenda kwa mkurugenzi. Wengine husoma kimyakimya wakitegemea kuja kuonyesha cheti, kisha wanaanza kuzunguka ofisi kutafuta kutambuliwa.

Tasnifu sasa. Watu hawakwami kwa sababu ya uvivu. Wanakwama kwenye mada, vibali na kalenda.

Mada inayokwamisha husikika hivi: "Changamoto za utekelezaji wa mtaala wa umahiri Tanzania." Jibu lake unalijua kabla hujatoka nyumbani: msongamano, uhaba wa vitabu, mafunzo machache. Msimamizi ataandika "Nini kipya?" pembeni mwa ukurasa na utarudi mwanzo. Ibane mpaka iumize. Kwa mfano: namna walimu wa Jiografia wa shule nne za Temeke wanavyotumia majibu ya wanafunzi katika majaribio ya ramani kurekebisha vipindi vinavyofuata. Hapo kuna somo moja, mada moja, tendo moja la mwalimu, eneo moja. Unaweza kukusanya majaribio yaliyosahihishwa, maandalio ya somo ya wiki iliyofuata, kuketi darasani, na kuwahoji walimu. Vyanzo vinne vinavyoweza kupingana, na vikipingana ndipo unapopata cha kuandika.

Shule yako usiifanye eneo kuu la utafiti. Mwanafunzi wako hawezi kukukatalia dodoso, na mwenzako wa ofisi moja hatakuambia kwamba hajawahi kufungua karatasi baada ya kuzigawa. Itumie kujaribia zana, kisha nenda shule jirani.

Lugha inasumbua zaidi ya watu wanavyotarajia. Tasnifu utaiandika kwa Kiingereza, somo linafundishwa kwa Kiingereza, lakini mahojiano yatakwenda kwa Kiswahili, na ndivyo inavyopaswa. Basi zana yako ifasiriwe kwenda Kiswahili na mtu mmoja, kisha mtu wa pili ambaye hajaiona ya kwanza airudishe kwenye Kiingereza. Zinapotofautiana ndipo penye tatizo. Angalia neno tathmini. Ukiuliza kwenye dodoso "Unafanya tathmini mara ngapi?", mwalimu mmoja atafikiria mtihani wa muhula, wa pili maswali anayouliza darasani, wa tatu kile kisehemu cha chini cha andalio la somo tunachokijaza haraka kabla mkaguzi hajafika. Majibu matatu, maswali matatu tofauti, na wewe unayaweka kwenye safu moja ya jedwali. Uliza kwa tendo: "Wiki iliyopita uliwapa wanafunzi kazi ya kupimwa mara ngapi? Ulifanya nini na majibu yao?"

Sampuli nayo ina ugonjwa wake hapa kwetu, fomula ya Yamane ya kukokotoa idadi ya watu wa kuwapa dodoso. Kama una wanafunzi 1,200 na kosa la asilimia 5, unagawa 1,200 kwa 1 jumlisha 3 (hiyo 3 ni 1,200 mara 0.05 mara 0.05), unapata 300. Hesabu ni sahihi na inafaa kwa dodoso la takwimu. Lakini wanafunzi wa uzamili huilazimisha hata kwa walimu wanane wanaohojiwa kwa kina, ambako haina kazi kabisa. Na ukishapata 300, kumbuka dodoso la kurasa nne ni kurasa 1,200 za kudurufu. Upande wa mahojiano, mahojiano 12 ya dakika 40 ni saa nane za sauti, na kila saa ya sauti hula saa nne hadi sita za kunakili. Ratiba nyingi za mapendekezo ya utafiti huandika "uchambuzi wa data: wiki mbili". Wiki mbili zitaishia kwenye kunakili tu.

Vibali hupanda na kushuka ngazi. Chuo kinakupa barua ya utafiti, unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya na kwa mkurugenzi wa manispaa, kwa afisa elimu sekondari, ndipo mkuu wa shule. Ukichagua shule za Temeke na Kigamboni umejipa mafaili mawili. Baki wilaya moja. Beba nakala za ziada za kila barua, na siku unayoiacha ofisini andika jina la uliyemkabidhi. Kwa wanafunzi walio chini ya miaka 18 andaa fomu ya ridhaa ya mzazi kwa Kiswahili chepesi, na uzigawe wiki moja kabla, kwa sababu theluthi yake itarudi ikiwa imeloa au haitarudi.

Kalenda ndiyo inayoumiza kuliko vyote, kwa sababu mwaka wa chuo na mwaka wa shule haviendi pamoja. Chuo hufungua mwishoni mwa mwaka. Shule huanza Januari. Dirisha zuri la kuingia madarasani ni kuanzia katikati ya Januari hadi Aprili. Mei shule zenye kidato cha sita zina mtihani wa taifa, Juni kuna likizo. Julai hadi Septemba unaweza kuingia tena. Kuanzia Oktoba hakuna mkuu wa shule atakayekupa kidato cha pili au cha nne, wanajiandaa na mitihani ya Novemba, na usimlaumu. Kwa hiyo pendekezo lako linapaswa kupitishwa kabla ya Oktoba, barua zizunguke Novemba na Desemba, zana ujaribie wiki ya pili ya Januari shuleni kwako. Aliyechelewa kutetea pendekezo kwa miezi mitatu hapotezi miezi mitatu. Anaweza kupoteza karibu mwaka.

Wakati barua zinazunguka, andika sura ya mbinu na upange mapitio ya maandiko kwa hoja, usiyapange kwa mwandishi mmoja mmoja aya kwa aya. Nukuu za mahojiano zihifadhi kwa Kiswahili chake pembeni ya tafsiri. Vyuo hupitisha kazi kwenye programu za kukagua kufanana kwa maandishi, na sehemu inayonasa zaidi ni usuli wa tatizo, kwa kuwa kila mtu anaelezea mtaala wa 2005 kwa sentensi zilezile.

Na uongozi wa elimu? Kama unachopenda ni rasilimali, watumishi, bajeti na vikao, nenda huko bila kusitasita. Uzamili wa mtaala na upimaji humfaa anayetaka kutunga mitihani, kuandika na kuhariri vitabu vya kiada, kufundisha chuo cha ualimu, kuthibiti ubora wa shule au kuandaa mihtasari. Hakuna kati ya hizo mbili inayokupa cheo kwa kuwa na cheti tu. Kama bado unasita, fungua kabati leo, toa jaribio moja, zipange hizo karatasi kuanzia ya juu hadi ya chini. Ukifika kwenye vipotoshi saa nne usiku na bado unataka kujua kwa nini 14 walichagua 30, omba nafasi ya mtaala. Ukiona zimekuchosha kwenye karatasi ya kumi, chukua fomu ya uongozi.